Seva ya Mjomba na Karatasi za Kaki

4 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Kabla ya lolote, je, umekula? Mkaza mjomba wako ndiye aliyeniamuru nianze hivyo, na nimemwonyesha sentensi hii aikague. Goti linamsumbua, ila mdomo hauna tatizo lolote. Paka amezaa watoto wanne ndani ya boksi, karakanani kwangu, juu ya spika ya mteja. Mteja nimemwambia spika yake bado inachunguzwa.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kuweka tovuti. Sisemi nitengenezewe. Nataka niiweke mwenyewe, kwenye seva ninayoijua kama nilivyojua utumbo wa redio kwa miaka thelathini na minane. Najua unacheka. Cheka umalize, kisha endelea kusoma.

Nakuomba kwa barua kwa sababu ya simu ile ya Desemba. Uliniambia niandike mkwaju, kumbe ni ule mstari wa mlazo, mimi nikaandika m, k, w, a, j, u, herufi moja moja, nawe ukaangua kicheko mpaka nikakata simu. Karatasi haicheki. Tena nitaibandika ukutani juu ya meza, na nikiiuliza swali lile lile mara kumi haitashusha pumzi kama wewe unavyofanya.

Usiniulize tovuti ni ya nini. Ni ya kazi.

Mjomba wako


21 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mwambie mkaza mjomba nimekula, tena nimeongeza. Mimi mzima. Chumba cha seva tunakipoza mpaka meno yanagongana, kwa hiyo navaa sweta mbili na koti, na wenzangu kazini wameanza kuniita Kitunguu. Msalimie yeye na goti lake, msalimie paka na wanawe, na yule fundi baiskeli wa mkabala.

Kuhusu mkwaju, sitaomba radhi. Nimeshawasimulia watu kumi na moja.

Somo la kwanza. Seva si kitu cha ajabu. Ni kompyuta kama hiyo kuukuu yako, ila haina kioo, haizimwi, na iko mbali. Huwezi kuibofya. Unaiandikia, nayo inakujibu, kama tunavyofanya mimi na wewe, tofauti ni kwamba yenyewe haipitii posta. Seva nyingi zinaendeshwa na mfumo uitwao Linux, kwa hiyo iweke Linux kwenye kompyuta yako kwanza, uzoee lugha yake nyumbani kabla ya kwenda ugenini.

Leo jifunze maneno matatu tu. `pwd` ni kuuliza: niko wapi? `ls` ni kuuliza: hapa kuna nini? `cd` ni kusema: nahamia kule. Mtu anayejua yuko wapi, kuna nini, na anakwenda wapi, ameshawapita wengi ninaofanya nao kazi.

Usikodi seva mpaka nikuruhusu. Ulininyima kushika chuma cha kulehemu mwaka mzima, hadi nikaweza kutaja kila kipande cha redio nikiwa nimefumba macho. Nalipiza.

Mpwa wako


13 Machi

Sindano,

Marahaba. Goti limesikia salamu zako na halijabadilika.

Mwalimu, nimefanya kazi ya nyumbani. Kila asubuhi kabla ya kugusa redio ya mtu naketi mbele ya lile dirisha jeusi la kuandikia amri na kuuliza niko wapi. Mkaza mjomba wako anasema angeweza kunijibu yeye bila umeme.

Kuna jambo limeniudhi. Nilitaka kuweka programu, kompyuta ikaniambia sina ruhusa. Mimi, kwenye meza yangu, kwa mashine niliyoinunua na kuisafisha vumbi kwa brashi ya meno. Nikasoma, nikasoma, nikakuta neno `sudo`. Ukilitanguliza, mashine inaomba nenosiri, kisha inatii. Basi siku hiyo nilianza kila kitu na `sudo`. Hata kuuliza niko wapi.

Hapo ndipo nilipofika pabaya. Nilitaka kufuta faili moja kwa `rm`, nikafuta folda nzima. Kurasa kumi na nne nilizopiga picha kwa siku mbili, zikayeyuka. Nilitafuta jalala la kuziokotea, kumbe `rm` haina jalala. Niliduwaa kama mtu aliyemwagiwa maji.

Jambo lingine nimeligundua mwenyewe, hukunifundisha. Kuna mafaili ambayo majina yake yanaanza na nukta, na `ls` haiyaonyeshi mpaka uiongezee `-a`. Nikaikumbuka barua yako. Nimeona humo mkaza mjomba, paka, watoto wa paka ambao hata majina hawana, na fundi baiskeli ambaye mwaka juzi ulimwita ngamia. Kuna mtu mmoja, karakana yake na yangu zinatenganishwa na ukuta wa mbao tu, hayumo. Barua zako nazo zinahitaji `-a`.

Mjomba


31 Machi

Shikamoo Mjomba,

Huku salama. Kitunguu amepewa sweta ya tatu na mkuu wake wa kazi. Msalimie mkaza mjomba, paka, na fundi baiskeli, ambaye nilimwita ngamia kwa sababu alinitemea maji.

Kuhusu huyo mtu wa ng'ambo ya ukuta, nimekuelewa. Tuendelee na somo.

`sudo` ni funguo za nyumba nzima. Huzitoi mfukoni kwa kwenda kunywa maji. Fanya kazi kama mtu wa kawaida, na ukikataliwa, jiulize kwanza kwa nini umekataliwa. Kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeamua nani asome na nani aandike. Utakuta watu mtandaoni wanakushauri uandike 777, yaani kila mtu aruhusiwe kila kitu, ili kero ziishe. Hiyo ni kung'oa milango yote kwa sababu mmoja ulikwama.

Pili, nakala. Kitu kilicho mahali pamoja tu, kihesabu kimeshapotea. Weka kurasa zako kwenye kompyuta, kwenye diski ya pembeni, na kwenye seva. Ni kurasa za nini lakini, Mjomba? Sipekui, nauliza ili nijue ukubwa.

Umefaulu. Kodi seva, ile ndogo kabisa. Utaingia kwa amri ya `ssh`, na badala ya nenosiri utatumia ufunguo. Nusu yake unakaa nayo, nusu unaiweka kwenye seva. Nimekuandikia hatua kwenye karatasi ya pili.

Onyo moja, nalipigia mstari. Utawasha ukuta wa ulinzi unaozuia wageni. Usiuwashe kabla ya kuamuru mlango wa `ssh` ubaki wazi. Ukikosea mpangilio, utajifungia nje ya nyumba yako ukiwa na funguo mkononi.

Mpwa wako


6 Aprili

Sindano,

Barua yako sijaipata bado, lakini nilikuwa na hamu, na kampuni moja ilikuwa na seva ndogo, nikakodi bila ruhusa yako. Nilisoma mahali kwamba seva isiyo na ukuta wa ulinzi ni kama duka lisilo na mlango. Nikawasha ukuta.

Sasa siingii. Najaribu tangu juzi. Haikatai, haikubali, inanyamaza tu. Mkaza mjomba wako anasema amefurahi kuona kuna mwingine anayeweza kuninyamazia hivyo.

Salamu fupi kwa sababu ya aibu.

Mjomba


20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumai barua yangu ya 31 Machi imeshakufikia. Soma ule mstari niliopiga kwa rangi nyekundu. Kisha usome tena kwa sauti, mkaza mjomba akisikiliza.

Nilicheka kwenye ngazi za ofisini hadi mlinzi akauliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia ndiyo. Hata mimi nilijifungia hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikiwa na seva ya kazini, watu mia mbili wakingoja. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na wewe usilitumie.

Kuna mlango wa nyuma. Ingia kwenye tovuti ya hiyo kampuni uliyokodi kwao, tafuta sehemu ya kufungua seva moja kwa moja, bila kupitia `ssh`. Ni kama umechomeka kibodi kwenye mashine yenyewe. Humo andika `sudo ufw allow ssh`, yaani ukuta uruhusu mlango wa `ssh`, kisha jaribu tena kwa njia ya kawaida.

Ukishaingia, sakinisha `nginx`. Huyo ni karani. Mtu akija kuomba ukurasa, karani anauchukua kwenye folda na kumpa. Ukiona amelala au umebadilisha kitu, `sudo systemctl restart nginx`.

Nimeweka humu nusu ya ufunguo wangu, ya kubandika kwenye seva. Ukikwama kabisa niingie nitazame.

Hujanijibu kuhusu kurasa.

Mpwa wako


9 Mei

Sindano,

Marahaba. Watoto wa paka wamepata wenyewe, wawili kwa fundi baiskeli. Spika imerudi kwa mteja, anasema inanuka maziwa.

Nimeingia. Nilipoona jina langu mbele ya ile alama ya dola ambayo seva huiweka ikingoja amri, nilisimama nikapiga meza, bisibisi zikaruka. Kuhusu lile la watu mia mbili, sitalitumia. Nimelibandika ukutani tu.

Karani nimemwajiri, yuko macho. Ukurasa wa kwanza unaonekana, una kichwa cha habari na salamu. Lakini mtu akibofya kwenda ndani, karani anamwambia amekatazwa. Nimejiuliza kwa nini nimekataliwa, kama ulivyofundisha, na sijapata jibu. 777 sikuandika, ingawa kidole kilishafika kwenye 7.

Nusu ya ufunguo wako nimeibandika. Ingia utazame. Ila kuna folda inaitwa `kaki`. Hiyo usiifungue.

Mjomba


27 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima.

Tatizo lilikuwa dogo. Folda uliitengeneza kwa `sudo`, ikawa mali ya mkuu wa mashine, na karani hana ruhusa ya kuingia humo. Nimeibadilishia mwenyewe na kumpa karani ruhusa ya kusoma, si zaidi. Amri nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Ilikuwa folda ya `kaki`, Mjomba. Ulijua hivyo. Huwezi kumwambia mtu arekebishe mlango asiufungue.

Nilifungua nikiwa kazini, mchana, nimesimama. Nilikuja kuketi baadaye. Ni pateni za Mama. Zile karatasi za kaki za kukatia nguo zilizokuwa zikining'inia kwenye kamba kuzunguka chumba kizima cha cherehani. Shati la mwenye kibiongo. Suruali ya mtu ambaye mguu mmoja ni mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Gauni la bi harusi wa kiti cha magurudumu, mgongo mrefu na mbele fupi ili asilikalie. Watu waliotoka mbali kwa sababu hakuna duka lililokuwa na nguo yao. Nilizikumbuka zote, hata zilipokuwa zimetobolewa na pini.

Lakini maelezo pembeni yameandikwa kwa mkono wako. "Bega la kushoto limeshuka, ongeza kitambaa huku." Mama hakuwahi kumruhusu mtu aandike kwenye pateni yake. Mimi alinichapa kwa futi kwa kuandika tarehe. Mbona mwandiko ni wako?

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Unajua tulivyoachana, lakini nadhani hujui maneno yenyewe. Siku nilipomwambia nakwenda kusomea kompyuta alikuwa anakata, na wateja wawili wameketi pale. Alisema nani atashika kazi hii. Nikamwambia, mbele yao, kwamba makaratasi yake yatakufa naye. Aliendelea kukata mpaka mwisho wa kitambaa, kisha akaninyooshea begi langu. Ni miaka mitatu. Kila barua nimetaka kuandika jina lake kwenye salamu, na kila mara nimeona halistahili kukaa kati ya paka na fundi baiskeli.

Niambie.

Mpwa wako


12 Juni

Mpwa wangu,

Leo sina utani, au ninao kidogo.

Dada yangu mikono inatetemeka. Ilianza mwaka jana, kwanza chaki, kisha mkasi. Daktari amempa dawa, inasaidia kushika kikombe, haisaidii kuchora mstari. Mara ya mwisho alipokata, aliharibu kitambaa cha mteja. Akalipa kingine, akafunga cherehani kwa shuka.

Alinikataza nisikuambie. Alisema, "Akijua atakuja kunitazama kama mgonjwa, na mimi sitazamwi." Nami nikaahidi, na ahadi sikuivunja. Nilikuambia usifungue folda. Wewe ndiye mkaidi.

Maneno yako niliyajua. Aliniambia mwenyewe, wiki ile alipofunga cherehani. Alikuja karakanani, akaketi kwenye kile kigoda cha wateja, akasema, "Yule alisema yatakufa na mimi. Wewe unajua mambo ya umeme. Nitafutie mahali yasipokufa." Hivyo ndivyo tulivyoanza. Yeye anasema, mimi naandika. Ananigombeza kuliko alivyokugombeza wewe, maana anasema mwandiko wangu unafanana na waya zilizokatika.

Ningeweza kumlipa mtu akaniwekea tovuti kwa saa mbili. Umeshajiuliza kwa nini sikufanya hivyo? Ningekosa barua zako. Kila barua uliyoniletea nimemsomea, yote, na salamu za paka. Yeye hujifanya anapanga vifungo kwa rangi. Ulipoandika kwamba kitu kilicho mahali pamoja tu kimeshapotea, alisema, "Rudia hapo." Ulipojiita Kitunguu, aliinama chini ya meza kutafuta kifungo ambacho hakikuanguka, na mabega yalikuwa yanacheka.

Barua yako hii ya mwisho pia nimemsomea. Nilifikiri niruke ile sehemu ya maneno yenu, nikaona siwezi. Alisikiliza hadi mwisho.

Kesho yake tulifika pateni ya koti la yule mwalimu ambaye mkono wake haunyooki kwenye kiwiko. Karatasi imeliwa na panya upande wa mkono. Nikamwambia anitajie vipimo. Akasema, "Sivijui. Koti hilo alilikata Sindano, alikuwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo sijajua aliuzungushaje ule mkono. Aliyekata aje aeleze."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno.

Mjomba


25 Juni

Shikamoo Mama,

Mjomba, wewe endelea kusoma, usikohoe.

Mama, maneno niliyosema siku ile yalikuwa mabaya na hayakuwa kweli. Nilikuwa na woga wa kuondoka nikakutupia wewe. Nisamehe. Nimeandika barua hii mara sita na kila mara nimeongeza sababu, sasa nimezifuta zote. Mjomba atakuambia kwamba zikifutwa hivyo hazirudi.

Ule mkono wa koti siwezi kuueleza kwa barua. Nimejaribu kwa gazeti na mkasi wa ofisini, wenzangu wakidhani nimechanganyikiwa. Unaanza kuzunguka kabla ya kiwiko, si kwenye kiwiko, na lazima mtu avae wakati unakata. Naomba likizo kuanzia tarehe nane Julai. Nitakuja na basi la asubuhi. Sitakuja kukutazama. Nitakuja kukata, na wewe utanisimamia.

Mjomba atavaa. Mkono wake aukunje.

Mwanao


24 Agosti

Sindano,

Mkaza mjomba wako anauliza kama umekula. Mkono wangu wa kulia bado unauma kwa kukunjwa siku nne kwa ajili ya koti la mtu mwingine. Mama yako alikufanya ufumue mara tatu, na mara ya tatu mimi niliona kabisa kwamba hapakuwa na kosa. Alitaka tu ukae.

Ukurasa wa koti umewekwa. Maelezo yana mwandiko wako pembeni, na hakukuchapa.

Tangu uondoke seva haijalala. Kwenye kumbukumbu zake naona watu nisiowajua wakijaribu nenosiri mlangoni, maelfu kwa siku, nikapata baridi. Nimekumbuka ulivyosema ulipokuwa huku, kwamba ni mashine tu zinazozurura na kwamba mlango wetu haupokei nenosiri. Mama yako anataka kujua kama mashine hizo zina mabega ya kawaida.

Watu wa kweli hawakuandika kwa wiki tano. Kila asubuhi mama yako alikuwa akija kutoka ng'ambo ya ukuta na kuuliza, "Vipi?" Nami nasema bado. Nilianza kuogopa kuisikia ile sauti ya kandambili zake.

Leo umekuja ujumbe. Ni fundi cherehani, wa mji ambao hata sijausikia. Ameandika kwamba ana mteja mwenye kibiongo, mzee wa miaka hamsini na tatu, ambaye maisha yake yote amevaa mashati makubwa ya kufunika. Alifuata pateni yetu. Anasema yule mzee alivaa, akajitazama kwenye kioo, akaondoka. Baada ya muda akarudi, akasema amesahau kitu, akajitazama tena, akaondoka bila kuchukua chochote.

Nilimsomea mama yako. Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema, "Muulize kola ilikaaje nyuma, maana pale ndipo wengi wanakosea." Nikaandika. Mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Halafu akasema, "Mwandikie mwanangu. Sasa hivi, posta haijafungwa."

Basi nimekuandikia. Ni saa tisa na nusu, na amesimama mlangoni ameishika kofia yangu kwa mikono yote miwili.

Mjomba